Barua ya wazi kwa mawaziri: huduma yetu isiishie kwenye geti la hospitali

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
na Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya watu wenye ulemavu.

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Naandika kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Tanga, kwa kugonga kioo cha simu na kifundo cha kidole gumba, hivyo mniwie radhi pale herufi zitakaporuka. Kazi yangu ni ualimu wa jiografia. Nilivunjika shingo katika ajali ya bodaboda nikiwa abiria. Tangu hapo miguu haisogei na vidole havishiki kitu. Kiwiko kinakunjika, kiganja kinainuka, na hapo ndipo uwezo wa mikono yangu unapokoma. Kichwa ni kizima, na ndicho kinachowaandikia.

Neno langu ni moja. Nchi hii imejifunza kumwokoa mtu aliyevunjika uti wa mgongo, lakini haijaweka utaratibu wa kumfuata nyumbani baada ya kumruhusu. Pengo hilo linatuua, na wale ambao haliwaui linawafungia ndani.

Sijaja kuwashtaki madaktari. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, hospitali ya KCMC ya Moshi inapokea majeruhi tangu 1971, na upasuaji wa mgongo ambao zamani uliwapeleka watu India leo unafanyika humu humu. Ninajua thamani ya kazi hiyo kwa sababu bila wapasuaji nisingekuwepo. Kasoro inaanza siku ya kuruhusiwa.

Siku hiyo unapewa karatasi. Imeandikwa jina la mfupa uliovunjika, dawa za kutumia na tarehe ya kurudi kliniki. Kwa aliyevunjika mguu, karatasi hiyo inatosha. Kwa mtu ambaye hatajigeuza tena maishani mwake, mambo yote ya maana yamebaki nje ya karatasi. Nani atamgeuza usiku? Mpira wa mkojo utabadilishwa wapi, na nani? Haja kubwa itatolewaje? Atalalia godoro gani, atakalia kiti gani? Na zahanati ya kwao imeambiwa kwamba anakuja? Haijaambiwa. Muuguzi wa zahanati yetu habari zangu alizipata sokoni.

Kurudi kliniki nako ni msafara. Unakodi Noah, unang'oa viti vya nyuma, unatandika godoro, unatafuta vijana wawili wa kukubeba na unawalipa siku yao ya kibarua. Ukifika unaunganishwa na wagonjwa wa nje, wanaosubiri kwenye mabenchi ambayo wewe huwezi kuyakalia, kwa hiyo unasubiri umelala juu ya machela ngumu, mgongo palepale, saa baada ya saa. Daktari anaiangalia picha kwenye mwanga na kusema mfupa umeunga vizuri. Ni kweli umeunga. Lakini kidonda changu cha kwanza nilikipata siku hiyo, nikisubiri kuambiwa kwamba naendelea vizuri. Hospitali hiyo siitaji jina, maana ingeweza kuwa yoyote.

Niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo mambo yanayotumaliza, kwa sababu nadhani wengi wanaopanga bajeti wanaamini tunakufa kwa kupooza. Kupooza hakumuui mtu wa aina yangu. Tunakufa kwa ngozi na kwa mkojo.

Ngozi kwanza. Ninyi mkilala mnajigeuza bila kujua. Mwili unaumia kidogo, unajisogeza, damu inapita. Mimi siumii, kwa hiyo sisogei, na pale mfupa wa kiunoni, wa nyonga au wa kisigino unapoibana nyama dhidi ya godoro, damu inakatika na nyama inaanza kufa. Ndiyo maana mtu kama mimi anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili kitandani, na akiwa kwenye kiti ainamishwe mbele au pembeni mara kadhaa ndani ya kila saa. Vitabu vinasema uangalie wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani. Inabidi mtu aliyefundishwa apapase kwa vidole atafute joto, ugumu, au sehemu iliyozidi kuwa nyeusi kuliko jirani yake. Ukiikosa dalili hiyo leo, baada ya siku chache ngozi inachanika, na tundu dogo la juu linaweza kuwa limeficha pango linalofika kwenye mfupa. Hapo hakuna tena cha godoro. Ni wodi kwa miezi, kulala kifudifudi, antibayotiki, pengine upasuaji wa kuhamisha nyama, na kwa wengi usaha kuingia kwenye damu na safari kuishia hapo.

Mkojo ni wa pili. Mpira ukikaa muda mrefu kupita kiasi unajaa chumvi, unaziba, mkojo unarudi nyuma kwenye figo. Mpira wa kawaida wa kukaa ndani unapaswa kubadilishwa kila baada ya wiki chache. Kwetu unabadilishwa unapopatikana. Zahanati mara haina saizi, mara ina mpira lakini haina mfuko, mara ina vyote lakini muuguzi anayejua kuuweka yuko semina. Mpira wenyewe unagharimu pungufu ya nauli ya kuufuata.

Halafu kuna la tatu, ambalo hata baadhi ya waganga hawalijui. Aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua, kibofu chake kikijaa au choo kikimkwama, mwili hauwezi kumwambia kwa maumivu, basi unapandisha presha ghafla, juu sana. Kichwa kinapasuka, uso unatoka jasho, mapigo ya moyo yanapungua. Ni dharura inayoweza kupasua mshipa kwenye ubongo. Dawa ya kwanza haimo kwenye kabati: mkalishe mtu wima, mlegezee nguo, kagua mpira. Mimi ilinikuta nikapelekwa zahanati, nikapimwa, nikaambiwa nina ugonjwa wa presha, nikapewa panado. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyefunua shuka na kukuta mpira umejikunja chini ya paja. Alifundishwa wodini na muuguzi mmoja mwenye moyo, dakika chache kabla hatujaondoka. Simlaumu aliyenipa panado. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watu wa aina yangu wapo katika eneo lake, sembuse kumfundisha.

Waheshimiwa, hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji mashine. Februari 1944, wakati wa vita, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi kutoka Ujerumani, alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Siku hizo askari wa aina hiyo alihesabiwa kuwa marehemu anayesubiri siku yake. Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, mkojo ushughulikiwe kwa usafi, na kila mtu apewe kazi na mchezo. Watu wakaacha kufa. Miaka minne baadaye aliwashindanisha kwa upinde na mishale, na hapo ndipo ilipoota mizizi michezo tunayoiita leo Paralimpiki. Mwaka 1972 Jack Lapides, daktari wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba mtu anaweza kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira ulio safi tu, bila masharti ya chumba cha upasuaji, na figo zake zikabaki salama. Kwa mwenye mikono mizima, hilo ni jambo la kufundishwa kwa siku chache. Tunachowaomba ni sayansi ya 1944 na ya 1972. Imeshapoa kabisa, haiunguzi mtu.

Wala njia ya kuifikisha nyumbani si ngeni kwetu. Nani asiyeijua huduma mkoba? Muuguzi anapanda pikipiki na kiboksi cha chanjo, anakwenda kitongoji ambacho zahanati haifiki, akina mama wanakusanyika chini ya mwembe, watoto wanachanjwa. Katika miaka migumu ya UKIMWI wahudumu walikwenda hadi chumbani kwa mgonjwa, wakiwa na glavu, sabuni na dawa. PASADA, shirika la kuhudumia watu wenye UKIMWI la Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 1992, liliifanya kazi hiyo, na baadaye Serikali yenyewe iliandika miongozo ya huduma majumbani. Januari 2024 mlizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwafikisha 137,294. Barabara ipo, pikipiki ipo, mtu yupo. Kilichokosekana ni jina langu kwenye orodha ya anakopita.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo hata naona haya kulipeleka kwa mawaziri watatu. Hospitali yoyote inayomruhusu mtu mwenye ulemavu mkubwa imtumie mganga mkuu wa wilaya, na zahanati ya anakokwenda, karatasi moja: huyu anakuja, ameumia hapa, mpira wake ni saizi hii, ubadilishwe tarehe hii, hatari zake ni hizi. Muuguzi wa zahanati au wa kituo cha afya amtembelee ndani ya wiki ya kwanza, kisha kwa ratiba. Mhudumu wa jamii apite mara nyingi zaidi, akague ngozi, aitishe msaada kabla jambo halijaoza. Na mara moja kwa muda fulani aje mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali ya wilaya, aone kama kiti bado kinamfaa mwenyewe, kama mabega yanakakamaa, kama mlango na choo vinapitika. Naambiwa wataalamu hao hawatoshi wilayani. Basi waajiriwe, Moshi kuna chuo cha watengeneza viungo bandia ambacho nchi nyingi za Afrika zinaleta vijana wao kusoma, nasi tunashindwa kumweka hata fundi mmoja wa viti karibu na watu.

Vifaa ndilo la pili, nalo halina maneno mengi. Mipira, mifuko ya mkojo, glavu, bandeji, na mto wa kukalia unaofaa viingie kwenye orodha ambayo Bohari ya Dawa inaipeleka hadi zahanati, na viandikwe waziwazi kwenye kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kitita kikilipia upasuaji wa kidonda na kisilipie mto unaokizuia, hapo kuna mtu hakupiga hesabu. Mnao wachumi na mnazo takwimu za vitanda. Waambieni waweke upande mmoja gharama ya kumlaza mtu mmoja mwenye kidonda kilichofika mfupani, na upande wa pili ziara za muuguzi na mipira ya mwaka mzima. Majibu yatangazwe hadharani.

Nakuja kwenye lile ninalolijali zaidi, ambalo si la kitabibu.

Mdogo wangu niliyemtaja alikuwa anajifunza cherehani. Aliacha. Anaamka alfajiri ananigeuza, ananisafisha, ananivisha, ananihamishia kwenye kiti akisaidiana na mama, ambaye mgongo wake nao sasa unadai. Akipatwa na malaria, mimi nashinda kitandani. Akienda harusini, nashinda kitandani. Hajawahi kulalamika mbele yangu, na hilo ndilo linaloniuma. Kila ninapolisema jambo hili mbele ya viongozi naambiwa, mwalimu, shukuru, sisi Waafrika tuna undugu, Ulaya watu wenu wanatupwa majumba ya wazee. Nashukuru. Undugu ndio ulioniweka hai. Lakini hebu tazameni undugu huo unambeba nani: ni dada, ni mama, ni mke, ni binti aliyetolewa shule. Kaka zangu wananipigia simu sikukuu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 19 inasema tuna haki ya kuishi katika jamii, kuchagua tunapoishi na tunaishi na nani, na kupata huduma za nyumbani, ukiwemo msaada wa msaidizi binafsi. Mwaka mmoja baada ya kuridhia, Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Naomba sasa ibara hiyo ishuke kijijini kwa sura ya posho ya msaidizi. Posho inayolipwa kwa mtu anayefanya kazi ya kunisaidia, iwe dada yangu akitaka, au kijana wa jirani ambaye nimemchagua na kumfundisha mwenyewe. Atakuja saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu nimesema saa kumi na mbili. Akinifanyia vibaya nitamwachisha, nitatafuta mwingine.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walikuwa na huruma, ila mimi si mgonjwa, nami nataka kuulizwa. Nataka kuulizwa naoga saa ngapi, natoka saa ngapi, leo nakaa barazani au nakwenda kwenye mkutano wa kijiji. Jioni wanafunzi wa kidato cha pili wanakuja kwangu kwa masomo ya ziada. Nawafundisha ramani, wao wanashika chaki, mimi naelekeza. Siku nikitolewa kitandani asubuhi, ni mwalimu. Siku nikitolewa saa tisa mchana, naogeshwa harakaharaka, na watoto wanakuta mtu amechoka. Tofauti ya siku hizo mbili ni jozi ya mikono iliyofika kwa wakati.

Mtaniambia fedha. Sweden ina sheria ya wasaidizi binafsi tangu 1994 na sisi si Sweden. Hilo nalijua, nafundisha jiografia. Siombi wasaidizi wa saa ishirini na nne. Saa chache za asubuhi na za jioni, kwa wale wasioweza kujinyanyua kitandani wenyewe, ambao kila kijiji kinawajua kwa majina. Na kamati za watu wenye ulemavu za vijiji na mitaa zipo kisheria, ziulizwe. Halmashauri tayari zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na 2 kati ya hizo ni zetu. Ni jambo jema, ila mkopo wa biashara haumsaidii mtu ambaye hana wa kumtoa kitandani aende kuifanya.

Mambo mawili naomba msiyafanye. Msitujengee makazi. Nchi inayo makazi ya wazee na wasiojiweza, na wanaoyahudumia wana kazi ngumu, lakini mwenye kijiji, shamba, mama na wanafunzi hana sababu ya kuhamishiwa bwenini kwa kuwa tu muuguzi hakupewa mafuta ya pikipiki. Na msituletee mradi wa majaribio wa miaka miwili wenye gari jeupe na fulana. Mradi ukiisha gari linaondoka, na mpira ulionijia unabaki ndani hadi uzibe. Hata kambi za madaktari bingwa mnazozituma kwenye halmashauri, ambazo zimewasaidia wengi, kwetu hazitoshi: bingwa anakaa wiki moja, ngozi yangu inahitaji kuangaliwa kila siku. Ni afadhali muuguzi mmoja wa kawaida anayerudi.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya hapo bajeti zenu zitasomwa bungeni, na mimi huzisikiliza redioni zote. Safari hii nitasikiliza kama kuna kifungu cha huduma za nyumbani kwa watu wenye ulemavu mkubwa, chini ya wizara ipi, na kama fedha zake zinaishia makao makuu Dodoma au zinafika kwenye kituo cha afya. Kama kila wizara itasema kwamba hilo ni la mwenzake, naomba mkae watatu mezani mkubaliane ni la nani, kisha mtutangazie.

Na mkiamua kuja kuona kabla ya kuamua, karibuni sana, hata bila kuniarifu. Ila msije saa nne na wapiga picha, wakati nimeshaogeshwa na kuvalishwa shati. Njooni saa kumi na moja na nusu alfajiri, mmoja wenu amsaidie mdogo wangu kunigeuza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu,
Mkoa wa Tanga